Whitworth: Fundi aliyezifanya parafujo zisikizane

MNAMO Agosti 2012 gari la utafiti la Curiosity, lenye uzani wa kilo 899, lilitua katika sayari ya Mirihi baada ya safari ya zaidi ya kilomita milioni 560. Lilikuwa na kamera, mkono wa chuma, mtambo wa kutoboa mawe na maabara ndogo tumboni. Lakini lilikosa kitu ambacho hata matatu kuukuu ya mashambani haikosi kukipata: fundi mwenye spana. Bolti ambayo ingelegea huko ingebaki imelegea daima.

Ajabu ni kwamba magari ya aina hiyo huunganishwa kwa vifaa ambavyo, kwa umbo, havitofautiani sana na vile vinavyouzwa katika duka lolote la vyuma. Ni bolti, nati na parafujo. Tofauti ni ubora wa chuma, usahihi wa vipimo na uangalifu wa mkono uliovikaza.

Fikira kwamba bolti iliyochongwa na mtu mmoja inaweza kuingia bila matata katika nati iliyochongwa na mtu mwingine, asiyemjua wala kumwona, haikuwapo tangu jadi. Ilibidi ipiganiwe. Aliyeipigania kuliko wengi ni Joseph Whitworth, mhandisi Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1887, miaka 16 kabla ya binadamu kurusha ndege ya kwanza yenye injini.

Whitworth alizaliwa Desemba 21, 1803 katika mji wa Stockport, karibu na Manchester. Babaye, Charles, alikuwa mwalimu na baadaye akawa mhubiri. Mamaye, Sarah, aliaga dunia Joseph akiwa bado mtoto, na tangu hapo familia ikatawanyika. Kijana huyo alipelekwa shule ya bweni karibu na Bradford, na alipotimiza umri wa miaka 14 akakabidhiwa mjomba wake, aliyekuwa na kiwanda cha kusokota pamba huko Derbyshire.

Nia ya mjomba ilikuwa kumfunza biashara ya pamba ili siku moja awe mshirika wake. Nia ya kijana ilikuwa tofauti. Alivutiwa na mashine zenyewe, wala si na nyuzi zilizotoka ndani yake wala faida iliyotokana na nyuzi hizo. Aliziona jinsi zilivyoundwa ovyo, zikitetemeka, zikilika kabla ya wakati na kuharibika mara kwa mara. Alipofika umri wa miaka 18 hivi alimwacha mjomba na urithi aliotarajiwa kuupata, akaenda Manchester kufanya kazi ya mikono kama fundi wa kawaida.

Mwaka wa 1825 alimwoa Frances Ankers, binti wa mwendesha mashua ya mizigo, na mwaka huo huo wakahamia London. Huko alipata kazi katika karakana ya Henry Maudslay, ambaye wakati huo hakuwa na mpinzani katika ufundi wa vyuma nchini Uingereza. Baadaye alifanya kazi kwa Joseph Clement, mahali ambapo sehemu za mashine ya kukokotoa hesabu iliyobuniwa na Charles Babbage zilikuwa zikitengenezwa. Hakuna vyuo vikuu ambavyo vingempa mafunzo bora zaidi ya karakana hizo mbili.

Ili kuielewa kazi iliyomngojea, ni muhimu kuelewa hali ya ufundi ilivyokuwa siku hizo. Kila karakana ilichonga parafujo kwa namna yake. Moja iliweka meno mengi katika kila inchi, nyingine machache. Moja ilichonga meno makali, nyingine butu. Bolti ilioana na nati yake tu, kiasi kwamba mafundi wengine walilazimika kutia alama kila jozi wakati wa kufungua mashine, wasije wakazichanganya. Mashine ikiharibika mbali na ilikoundwa, mwenyewe hakuwa na budi kurudi kwa karakana ile ile au kuchongewa upya kila kitu.

Whitworth hakuanza na parafujo. Alianza na jambo linaloonekana dogo zaidi: bapa la chuma lililonyooka kikamilifu. Mafundi wa wakati ule walisugua mabapa mawili pamoja kwa unga wa kukwaruza hadi yakashikamana, wakaamini yamenyooka. Lakini mabapa mawili yanaweza kuoana vyema ilhali moja limevimba katikati na la pili limebonyea. Maudslay alikuwa amelishughulikia tatizo hilo, na Whitworth akalifikisha mbali zaidi. Aliyachukua mabapa matatu, akalilinganisha kila moja na mengine mawili kwa zamu, na badala ya kuyasugua akakwangua kwa mkono kila kijidutu kilichojitokeza. Mashahidi wawili wanaweza kupatana kudanganya, lakini wa tatu huwaumbua. Mabapa matatu yanapooana yote, ni lazima yawe yamenyooka.

Kutokana na bapa lililonyooka hupatikana mashine iliyonyooka, na kutokana na mashine iliyonyooka hupatikana kila kitu kingine. Mwaka wa 1833 Whitworth alirejea Manchester na kufungua karakana yake mwenyewe, akitengeneza mashine za kukereza, kutoboa na kuranda chuma. Sifa zake zilienea haraka. Mnamo 1840 aliieleza njia yake ya mabapa mbele ya mkutano wa wanasayansi jijini Glasgow, bila kuificha kama siri ya biashara.

Mwaka uliofuata, 1841, aliwasilisha kwa chama cha wahandisi wa ujenzi, London, pendekezo ambalo ndilo lililolipa jina lake uhai mrefu. Alitaka karakana zote za Uingereza zitumie mfumo mmoja wa meno ya parafujo.

Busara yake ilidhihirika katika njia aliyoitumia. Hakujifungia chumbani na kubuni parafujo aliyoidhania kuwa bora kuliko zote. Alikusanya bolti kutoka karakana nyingi, akazipima, kisha akachukua wastani. Pembe kati ya mteremko wa jino moja na jirani yake ikawa nyuzi 55. Kwa kila unene wa bolti akaweka idadi maalumu ya meno: bolti ya robo inchi, meno 20 katika kila inchi, ya nusu inchi, meno 12, ya inchi nzima, meno manane. Ncha za meno na mabonde yake yakaviringwa, kwa kuwa kona kali ndizo huwa mwanzo wa ufa.

Kwa kuwa alichukua wastani, hakuna karakana iliyohisi kwamba imeshindwa na jirani yake. Kila moja ililazimika kubadilika kidogo tu, na hakuna iliyolazimika kubadilika sana. Whitworth mwenyewe alizitumia parafujo hizo katika mashine zake, ambazo tayari zilikuwa zikinunuliwa kila mahali, na akauza vipimo vya chuma vya kukagulia bolti na nati. Kampuni za reli zikaufuata mfumo huo, kisha waundaji wa meli na injini.

Faida yake ilionekana wazi wakati wa vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kwa haraka takribani injini 90 za manowari ndogo, kazi ambayo hakuna kiwanda kimoja ambacho kingeimaliza kwa wakati. Sehemu za injini zikagawanywa kwa karakana mbalimbali, kila moja ikachonga zake, na zilipokusanywa zikaoana. Miaka 20 awali, jambo kama hilo lingechukuliwa kuwa ndoto.

Wakati huo huo Whitworth aliendelea kuisaka hitilafu hata pale ambapo jicho halikuweza kuiona. Katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851 alionyesha chombo cha kupimia ambacho kiliweza kutambua tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Siri ya chombo hicho ilikuwa parafujo yenyewe. Gurudumu kubwa lilizungusha parafujo yenye meno laini kwa hatua ndogo mno, na mguso wa chuma kwa chuma ukatoa jibu.

Iwapo maisha yake yangeishia hapo, yangekuwa hadithi ya ushindi mtupu. Hayakuishia hapo. Serikali ilimwomba achunguze namna ya kuboresha bunduki za jeshi, na Whitworth akaikabili kazi hiyo kwa bidii yake ya kawaida. Alibuni bunduki ambayo ndani ya mtutu wake ilikuwa na pembe sita zilizojisokota, na risasi iliyochongwa kuoana nazo. Katika majaribio ya 1857 bunduki hiyo iliishinda kwa mbali ile ya Enfield iliyotumiwa na jeshi, hasa kwa shabaha ya masafa marefu. Mnamo 1860 Malkia Victoria aliifyatua kwa kuvuta uzi katika ufunguzi wa mashindano ya kulenga shabaha ya Wimbledon, na risasi ikatua karibu kabisa na kitovu cha shabaha.

Pamoja na hayo yote, jeshi liliikataa. Ilikuwa ghali, na masizi ya baruti yaliujaza upesi mtutu wake mwembamba. Whitworth hakukubali. Kwa miaka mingi alipoteza fedha na afya akibishana na maafisa na kamati, na kushindana na William Armstrong, mtengenezaji mwingine wa silaha, kuhusu mizinga. Waliomfahamu walimjua kuwa mtu mgumu, asiyejua kubembeleza na asiyevumilia kazi ya kulipua. Bunduki zake zilinunuliwa ng'ambo, zikatumiwa na walenga shabaha wa majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Fundi aliyetaka vyuma vielewane akasifiwa kwa kifaa cha kuua kutoka mbali.

Hapo ndipo lilipo somo kubwa la maisha yake. Katika parafujo alitafuta kile ambacho wote wangeweza kukifikia, akafaulu. Katika bunduki alitafuta ukamilifu ambao ni yeye tu aliyeweza kuutengeneza kwa urahisi, akashindwa.

Kwa vijana, hata hivyo, alikuwa na mkono mkunjufu. Mwaka wa 1868 alianzisha ufadhili wa masomo, nafasi 30 kwa mwaka za pauni 100 kila moja, kwa vijana wanaojua nadharia na vilevile wanaoweza kutumia tupa na nyundo. Hakutaka msomi asiyejua kushika chuma wala fundi asiyejua hesabu. Mwaka uliofuata alipewa cheo cha baroneti, akawa Sir Joseph. Mnamo 1874 biashara yake iligeuzwa kuwa kampuni ya hisa, na wafanyakazi nao wakapewa nafasi ya kununua.

Ndoa yake na Frances haikuwa na furaha katika miaka ya mwisho, na wawili hao waliishi mbalimbali hadi Frances alipofariki mwaka wa 1870. Mwaka wa 1871 alimwoa Mary Louisa Orrell. Hakujaliwa mtoto katika ndoa zote mbili. Afya yake ilipodhoofika alizoea kwenda kusini mwa Ulaya kukwepa baridi, na ndiko mauti yalikomkuta, huko Monte Carlo, Januari 22, 1887. Alizikwa Darley Dale katika jimbo la Derbyshire.

Mali yake ilikuwa nyingi, na wasimamizi wa wosia waliitumia kwa manufaa ya umma. Jumba la sanaa na bustani zenye jina lake jijini Manchester zilitokana na fedha hizo, sawa na hospitali ya saratani ambayo baadaye iliitwa Christie. Kampuni yake nayo iliungana mwaka wa 1897 na ile ya Armstrong, yule yule aliyeshindana naye miaka nenda miaka rudi. Chuma kilipatana baada ya wenyewe kushindwa kupatana.

Parafujo yake ilisafiri kila ilikofika reli na meli ya Mwingereza. Jiji lake la Manchester ndilo pia lililotengeneza injini kubwa za mvuke aina ya Garratt za daraja la 59, zilizovuta mabehewa kati ya Mombasa na Nairobi kuanzia miaka ya 1950. Baadhi yake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi.

Lakini nyuzi 55 hazikudumu kileleni. Mwaka wa 1864 William Sellers wa Philadelphia, Marekani, alipendekeza mfumo wa nyuzi 60 wenye meno ya ncha bapa. Hoja yake ilikuwa kwamba pembe hiyo ni rahisi kuichonga na kuikagua, wala haihitaji fundi stadi sana. Marekani ikaufuata. Dunia ikajikuta na lugha mbili za parafujo, na gharama yake ikadhihirika katika Vita vya Pili vya Dunia, ambapo vipuri vya Waingereza na vya Wamarekani waliopigana upande mmoja havikuoana. Mnamo 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilitia saini mkataba wa mfumo mmoja, na pembe iliyochaguliwa ikawa nyuzi 60. Mfumo wa milimita uliofuata kuenea duniani unatumia pembe hiyo hiyo.

Ni kana kwamba Whitworth alishindwa kwa silaha yake mwenyewe. Tarakimu yake ilitupwa, lakini wazo lake ndilo lililotumika kuitupa: kwamba ni afadhali wote wakubaliane juu ya kipimo kimoja kuliko kila mmoja kung'ang'ania chake. Hata hivyo, si kila alama yake iliyofutika. Parafujo inayoshikilia kamera nyingi juu ya miguu yake mitatu bado ni ya robo inchi yenye meno 20, kama ilivyokuwa katika jedwali la 1841.

Katika magari yanayotumwa sayari nyingine, wazo hilo hufikishwa kikomoni. Bolti inapokazwa hurefuka kidogo sana, na nguvu ya kutaka kurudi katika urefu wake ndiyo inayobana vitu viwili pamoja. Ikikazwa kidogo mno, mtikisiko wa roketi utailegeza. Ikikazwa kupita kiasi, itakatika au kula meno ya nati. Ikifika Mirihi hukutana na usiku ambao baridi yake hushuka hadi nyuzi 80 na zaidi chini ya sufuri, na mchana wenye joto kiasi, siku nenda siku rudi. Vyuma tofauti hunywea na kupanuka kwa viwango tofauti, hivyo mbano hubadilika kila kukicha. Katika ombwe la angani mafuta ya kawaida huyeyuka yakatoweka, na chuma kinachosuguana na chuma cha namna moja kinaweza kung'ang'aniana kama kilichochomelewa. Kwa sababu hiyo hutumiwa ulainisho mkavu, spana zenye kupima nguvu, gundi au waya wa kuzuia nati isizunguke, na kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha ni nani aliyekaza nini.

Penye uzembe, dharau ya kitu kidogo hulipiwa kwa kitu kikubwa. Mnamo Septemba 2003 setilaiti ya hali ya hewa ya Marekani, iliyokuja kuitwa NOAA-19, ilianguka sakafuni kiwandani California ilipokuwa ikiinamishwa. Bolti 24 zilizopaswa kuishikilia kwenye kigari chake zilikuwa zimeondolewa, na hakuna aliyehakikisha kama zipo. Ukarabati uligharimu dola milioni 135, na setilaiti hiyo haikurushwa hadi 2009.

Hata Mwezini kitu duni kimewahi kuokoa kazi. Desemba 1972, katika safari ya Apollo 17, nyundo ya mwanaanga Eugene Cernan ilivunja kipande cha bamba la kukinga vumbi juu ya gurudumu la gari lao. Vumbi la Mwezi likawarukia, vumbi ambalo likitanda juu ya mitambo huipasha joto kupita kiasi. Utepe wa gundi waliotumia kwanza ulibanduka. Kesho yake waliunganisha ramani nne kwa utepe, wakazibana mahali pa bamba kwa vibanio viwili vya taa kutoka katika chombo chao, wakaendelea na safari.

Mnamo 2023 ilikuwa zamu ya bolti kukataa kutoka. Chombo cha OSIRIS-REx kilileta duniani mchanga wa sayari ndogo ya Bennu, lakini viungo viwili kati ya 35 vya mfuniko wa hifadhi yake vikagoma kufunguka. Wahandisi walilazimika kubuni zana mpya, na hadi Januari 2024 ndipo walipofaulu.

Visa hivyo vyote vingeeleweka na mwana wa mwalimu wa Stockport bila kuhitaji kufafanuliwa. Hakuwahi kuota kuhusu Mirihi. Aliota kuhusu bapa lililonyooka na nati inayokubali bolti ya mgeni. Kaburi lake lipo Darley Dale, na ufadhili wenye jina lake umeendelea kuwafikia wahandisi vijana zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, kwa sharti lile lile alilolipenda: kichwa kijue, na mkono uweze.